Baridi ya Kuhifadhia Viatu

Nyumbani, 4 Machi

Mwanangu Bwana Barafu,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya ukoo mzima, ninachukua nafasi hii kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki walio karibu na walio mbali kuzaliwa kwa doa. Limezaliwa ukutani, katika chumba cha marehemu baba yako, nyuma ya kabati, upande wa juu. Mama na mtoto hawajambo. Mama ni kiyoyozi ulichotuletea. Mtoto ni wa kijani kinachoelekea kwenye weusi, ana manyoya, na kwa sura amefuata ukoo wetu: kichwa kikubwa, shingo hakuna.

Sasa salamu. Mimi sijambo, ukiacha magoti, ambayo nayo yameshanizoea. Dada yako amehamia kwa mumewe kule mlimani na anasema huko nguo hukauka siku hiyohiyo; anajigamba kwa hilo kama vile anazipuliza yeye kwa mdomo. Wateja wangu hawajambo. Bado nawasukia barazani, na bado wanakuja na vichwa vyao na maneno yao. Mke wa mwalimu anakusalimu, anauliza kama huko kwenye majokofu yenu makubwa umeshakuwa mweupe. Nimemwambia bado, ila umeganda ulimi, maana kwenye simu kila ninachokuuliza unajibu "salama". Ndiyo sababu nimerudi kwenye karatasi. Kwenye karatasi mtu anaona aibu kuandika neno moja na kubandika stempu.

Nije kwenye jambo. Viatu vyako vipo. Vipo juu ya kabati kama baba yako alivyoviacha, soli chini, kamba zimefungwa. Hukuwepo kumwona akivishona, basi nikuambie: mgonjwa, amekaa kitandani chini ya kiyoyozi chako, kibanda chake mjini kimefungwa, sindano inamponyoka, na mimi nikimwambia kaka pumzika ananiambia nikapumzike mimi. Vipimo alikuwa navyo tangu ile jioni kabla hujaondoka, alipokusimamisha peku juu ya karatasi ya kaki akazungusha penseli, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Alipomaliza kushona akaviweka mapajani akasema, "Akirudi avae hivi. Asikanyage nyumba hii na viatu vya dukani." Nikasema sawa. Na mtu akishakufa huwezi kumfuata kumwambia umebadilisha mawazo.

Basi lile doa limeanza kuangalia upande wa viatu. Wewe ndiye unayefanya kazi ya baridi, wewe ndiye mtaalamu. Niambie la kufanya. Na niambie unakuja lini. Hata mazishini hukuja, na watu bado wana midomo.

Ni mimi shangazi yako.


Huku, 29 Machi

Shangazi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ni mzima. Wenzangu ni wazima. Hali ya hewa ni nzuri. Mwambie mke wa mwalimu sijawa mweupe, ila pua imebadilika kidogo.

Pole kwa doa. Usiogope, kosa ni dogo: baridi haitoshi. Hapa ghalani nyama inakaa miezi na miezi, ukiitoa ni nyekundu kama ya jana, haina doa wala harufu. Siri yake ni baridi kali na mlango usiofunguliwa ovyo. Kwa hiyo weka kiyoyozi nyuzi kumi na sita, usizime usiku wala mchana. Dirisha lifunge. Chini ya mlango ziba kwa taulo. Usiingieingie. Viatu ni ngozi, shangazi, na ngozi ni nyama tu iliyostaafu. Itakaa.

Kuhusu kuja, nilitegemea katikati ya mwaka, lakini ruhusa ni ngumu kidogo. Msimamizi anasema tusubiri. Nitakuja. Viatu vitunze, tafadhali, vyote viwili, na vikae pamoja.

Mwanao.


Nyumbani, 2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mvua zimeanza na hazina nia ya kuondoka. Dada yako ni mjamzito tena na ameniomba nisimwambie mtu, basi nimeshakuambia wewe tu na baraza zima. Paka amehamia kwa jirani. Simlaumu. Alijaribu kulala kizingitini pa chumba cha baba yako, akaamka amelowa upande mmoja, akaniangalia kama mimi ndiye niliyemmwagia.

Nimefanya yote uliyosema. Kumi na sita. Dirisha, taulo, mlango. Ghala lako limekamilika, limekosa nyama tu. Na haya ndiyo niliyoyaona, kwa macho yangu haya mawili yasiyokwenda shule ya majokofu.

Ukuta unatoka jasho. Wa ndani ungekuwa na haki yake, lakini na ule wa ukumbini, ulio nje ya chumba, nao unatiririka kama shahidi aliyeulizwa alikuwa wapi jana. Mlango umevimba, ukiufungua unalia, ukiufunga unagoma. Lile doa limepata wadogo zake. Nililisugua kwa siki, nikapata doa lenye harufu ya siki. Nikalisugua kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, likatoweka juma moja, likarudi na hasira. Nikalipaka rangi. Limetokeza juu ya rangi polepole, kama mtu anayechungulia kutoka ndani ya shuka.

Nikamwita fundi wa viyoyozi. Alipanda ngazi yake, akafungua mashine, akaosha chujio, akatazama bomba la kutolea maji, akashuka. Baraza lilikuwa limejaa, na unajua wanawake wakisukwa hawana pa kwenda, wanabaki kusikiliza.

"Mama, hii ni mashine ya ukumbi wa harusi," akasema.

"Ni zawadi," nikamwambia.

"Zawadi sikatai. Lakini chumba ni kidogo. Inapuliza mara moja, chumba kimeshapoa, inanyamaza. Haikai ikavuta maji yaliyo hewani. Ndiyo maana una baridi na una maji. Ingekuwa ndogo ingehangaika muda mrefu, na hewa ingekauka."

Mke wa mwalimu, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, akadakia: "Kwa hiyo kosa lake ni kumaliza mapema? Mbona mimi nina ya namna hiyo nyumbani na hakuna fundi anayekuja?"

"Nyamaza wewe, kuna watu wazima hapa," nikamwambia, na watu wazima pale tulikuwa mimi na ngazi.

Nikamuuliza fundi dawa yake ni nini. Akasema niweke mashine ndogo na nizibe nyufa zote, maana nyumba hii ya zamani inavuta hewa ya nje kila kona, na hewa ya nje siku hizi unaweza kuikamua. Au nizime kabisa, nifungue madirisha, nivumilie joto. Hilo la mwisho sikumjibu. Ni wewe uliyesema nisizime, na ni baba yako aliyesema viatu vikusubiri, na mimi niko katikati yenu na taulo.

Viatu vimeota ndevu. Nyeupe, laini, za kijana anayejaribu. Nimevinyoa kwa kitambaa kikavu na kuvipaka dawa ya viatu. Nadhani zitaota tena. Ndevu ndivyo zilivyo.

Nakohoa kidogo, ni vumbi la ukuta. Unakuja lini? Na nitumie picha yako, uliyosimama, kwa urefu wako wote. Watu wameanza kusema huenda nakutunga.

Ni mimi shangazi yako.


Huku, 11 Juni

Shangazi, shikamoo.

Natumaini kikohozi kimekwisha. Mpongeze dada kwa siri yake. Hali ya hewa huku bado ni nzuri.

Fundi huyo anasema kweli kuhusu ukubwa. Nilichukua kubwa kuliko zote. Muuzaji aliniuliza chumba kina upana gani, nikamwambia baba yangu anaungua. Hakuniuliza tena.

Lakini usizime. Ukizima sasa joto litaingia, na kila kilichomo kitatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Fanya tunavyofanya kwa nyama. Kila kiatu kiwe kwenye mfuko wake wa plastiki. Kamua hewa yote, pindisha mdomo, funga kwa kamba kwa nguvu. Hewa isipoingia, ukungu utaingilia wapi? Nimeona kwa macho yangu, hapa hakuna kinachooza.

Picha hii hapa. Nimepigwa nikiwa nimekaa, kwa sababu siku hizi kazi yangu ni ya kukaa. Nimepandishwa cheo. Nina kiti na meza langoni, naandika magari yanayoingia. Wengine wanabeba, mimi naandika. Ruhusa bado.

Viatu, shangazi. Nakuomba sana.

Mwanao.


Nyumbani, 8 Julai

Mwanangu Mwenye Kiti,

Hongera kwa kiti. Katika ukoo wetu aliyewahi kulipwa akiwa amekaa ni baba yako peke yake, na yeye alikuwa amekaa juu ya kigoda, ameinama, na kiatu cha mtu mwingine kati ya magoti. Hujaniambia kwa nini wamekupandisha. Nilidhani mtu hupandishwa akijua kubeba sana, kumbe hupandishwa asibebe kabisa. Sawa.

Picha imefika. Mashavu yamejaa, meza imekupendeza. Nimeipitisha barazani. Mke wa mwalimu ameitazama juu, ameitazama chini, ameuliza, "Na chini ya meza kuna nini?" Nimemwambia chini ya meza kuna adabu, na kwamba yeye angepata kidogo ingemsaidia.

Mifuko nimefunga kama ulivyoagiza. Nilikamua hewa mpaka viatu vikaonekana kama watu waliofungiwa ndani ya puto lililopasuka. Nikavirudisha juu ya kabati, bega kwa bega. Kisha panya, ambaye hajasoma barua yako, akatoboa mfuko mmoja. Kiatu hakukigusa, alikuwa anataka plastiki tu, kila mtu na uroho wake. Mfuko wa pili wa ukubwa ule sikuwa nao. Nikaona nikikirudisha kitupu, kesho atakula ngozi. Basi nimekitundika msumarini barazani, juu ya benchi la wateja, mahali ninapoweza kukiona. Jua la jioni linakifikia, na upepo, na mikono ya watu.

Wananiuliza, "Kiatu cha nani hiki?"

"Cha mtu anayekuja."

"Na mwenzake?"

"Yuko kwenye jokofu."

Hawaulizi zaidi. Wanadhani ni mambo ya dawa.

Najua uliandika vikae pamoja. Siku ukiingia mlangoni vitakutana. Unakuja lini? Hii ni mara ya tatu nauliza, na nimekwisha kuchoka kujibiwa hali ya hewa.

Kikohozi hakijakwisha, lakini kimepata ratiba. Mteja mmoja amelalamika kwamba namkoholea utosini kana kwamba nambariki.

Ni mimi shangazi yako.


Nyumbani, 22 Agosti

Mwanangu,

Sijapata jibu. Huenda barua iko njiani, huenda wewe uko njiani. Naanza na la kwanza kwa sababu ndilo nililozoea.

Dada yako anajisikia vizuri na hali samaki wala chochote kilichowahi kuogelea. Jirani amerudisha paka. Paka ameondoka tena. Umeme ulikatika siku kadhaa. Kumbe ulisema kweli kuhusu ile chupa ya soda. Mashine iliponyamaza, joto la nje likaingia chumbani kwa kila ufa, na kila kitu kikalowa: kioo, kabati, godoro, hata balbu ilikuwa na tone linaloning'inia. Dari limeanza kubanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Umeme uliporudi, baridi ikairudia kazi yake. Sasa nikiiacha mashine ikiwaka ukuta unalowa, nikiizima unalowa. Nimekaa nikalitafakari hilo kwa muda, nikaenda kumsuka mtu.

Daktari wa kifua ameniuliza nalala wapi. Nimemwambia chumba cha pili. Akauliza cha kwanza kina nini. Nikasema viatu. Aliandika kwa muda mrefu sana kwa neno fupi kama hilo. Ameniambia nihame nyumba au nihamishe ukungu, na mimi na yeye tukatazamana tukijua hakuna kati ya hayo linalowezekana.

Sasa nisikilize. Yule fundi aliyechukua kibanda cha baba yako anataka kuweka soli mpya za ndani, kwa sababu zilizopo zina uvundo. Kuna na sababu nyingine, hiyo niachie mwenyewe. Anahitaji vipimo vyako. Nilikwenda kuchukua ile karatasi ya kaki kabatini. Imekuwa kama mkate uliomwagikiwa chai. Nilipoinyanyua, mguu wako mmoja ulibaki kwenye rafu na mwingine ukaning'ang'ania kidoleni.

Kwa hiyo pima upya. Unakumbuka utaratibu wa baba yako. Peku. Miguu yote miwili, hata kama mteja ana haraka, maana hakuna mtu mwenye miguu inayolingana, alikuwa akisema mmoja siku zote umekula zaidi. Na mtu awe amesimama. Aliyekaa alimrudisha asimame, kwa sababu mguu usiobeba mwili unadanganya. Mpe rafiki yako penseli, wewe simama wima usitazame chini.

Ni mimi shangazi yako.


Huku, 3 Oktoba

Shangazi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta katika hali njema, wewe, dada, shemeji, paka kama amerudi, na majirani wote. Msalimie mke wa mwalimu na mwalimu mwenyewe. Wasalimie wateja. Hali ya hewa huku imebadilika, asubuhi kuna ukungu, wa nje lakini, ule mzuri. Tumepata geti jipya la bluu. Linafunguka lenyewe. Wenzangu ni wazima wote, nao wanakusalimu ingawa hawakujui.

Pole sana kwa dari. Pole kwa kifua. Mfuate daktari anavyosema.

Kipimo hiki hapa. Nimechora mmoja, mwingine ni kama huo.

Mwanao.


Nyumbani, 25 Oktoba

Mtoto wa kaka yangu,

Umenitumia mguu wa kushoto.

Wa kulia uko wapi?

Shangazi yako.


Huku, 19 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina hali ya hewa.

Wa kulia haupo. Ulikatwa chini kidogo ya goti. Ni mwaka jana, kabla baba hajafa. Tulikuwa tunapanga maboksi ya nyama iliyoganda, yakapangwa vibaya, na aliyeyapanga vibaya ni mimi. Sakafu ya ghala ina barafu nyembamba, usiyoiona. Niliteleza nikalishika lile rundo, likanifuata. Nyama iliyoganda ni jiwe, shangazi. Baridi ilinisaidia, walisema; damu haikutoka nyingi. Unaona baridi inavyohifadhi.

Siku mliyomzika baba nilikuwa wodini. Uliponipigia simu ukasema, "Njoo, tunakusubiri," nilisema kazini wamenikatalia. Nilitaka umkasirikie msimamizi. Ningesema kweli ungepanda basi na kumwacha baba amelala ndani hajazikwa, nakujua. Halafu siku zikapita, na uongo nao ukaota ndevu, ukiunyoa unaota tena. Kiti wamenipa kwa sababu hiyo. Ruhusa ninayo tangu zamani. Hakuna anayenizuia. Natembelea magongo na kwa magongo mtu anaweza kupanda basi, nimewaona.

Nilikuwa nakusumbua na vile viatu kwa sababu ya ujinga fulani. Nilikuwa nikikaa langoni nafikiri kwamba kuna chumba mahali, kuna baridi, na juu ya kabati nimesimama kwa miguu miwili. Nikilala naona hivyo. Kwa hiyo kila ulipoandika ndevu, doa, panya, nilikuwa nasikia kwenye goti.

Sasa umeshajua, na nimechoka kuandika magari. Nataka kuja. Lakini baba alisema nisikanyage nyumba ile na viatu vya dukani, na hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu, sina jingine. Sitaki kuingia nikiwa nimekosa mguu na nimekosa na kiatu. Nitumie cha kushoto. Hicho kimoja tu. Kile cha kulia kaa nacho, kitundike, mpe mtu, sikihitaji tena. Kikinifika cha kushoto nitakivaa palepale na kupanda basi, sitapita hata chumbani kuchukua nguo.

Mwanao.


Nyumbani, 14 Desemba

Mwanangu,

Marahaba.

Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kiume, kichwa kikubwa, shingo hakuna. Paka amerudi, amekonda, hasemi alikokuwa. Naandika haya kwanza kwa sababu ndivyo barua inavyoanza na kwa sababu sijui pa kuanzia pengine.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nikaipeleka chumbani kwa baba yako nikaisoma tena humo kwa sauti. Ukuta ulitoka jasho kama kawaida yake. Sikuuchukulia kwamba umelia. Ningepanda basi, ni kweli. Ningemwacha kaka yangu ndani na watu wangesema mpaka leo. Umenipokonya hilo pia, na sikulaumu, na usinielewe vibaya, nakulaumu.

Nimezima mashine. Nimemwita yule fundi akaishusha, akaiwasha chini kuijaribu, akaniambia haina ubovu wowote, haijawahi kuwa nao. Nimefungua madirisha. Nimevuta kabati, na nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kuanzia chini mpaka juu. Haukuwa tena na madoa. Doa lilikuwa ndilo ukuta. Nguo za baba yako nimezichoma nyuma ya nyumba. Hazikutaka kushika moto, zilitoa moshi tu. Fundi wa rangi amekuja, amegonga plasta kwa kidole, kidole kimeingia. Anasema unyevu umeshaingia kwenye tofali, na kwamba hata nikibomoa ukuta huu nijenge mwingine, hewa ni ileile. Nimemshukuru. Kifua changu kiko vilevile; daktari anasema kwa umri wangu vilevile ni habari nzuri.

Sasa viatu. Kuna jambo nililokataa kulisema Agosti. Ile siku umeme ulipokatika nilifungua mfuko uliobaki, nikaona afadhali nione. Nilifungua kamba yako, nikavuta. Kilichotoka kwanza ni maji. Halafu ngozi ikanifuata mkononi bila soli, na soli ikabaki mfukoni, na uzi wa baba yako, ule uzi alioupaka nta akautafuna kwanza ili uwe laini, ulikuwa umeoza, unakatika ukiutazama. Nilimpelekea fundi wa kibandani. Akauliza hiki kilikuwa kitu gani. Nilitaka vipimo ili ashone kingine, mwenzake wa barazani asijue, na wewe usijue. Baadaye akakiri kwamba yeye hashoni, anabandika kwa gundi. Kushona kwa mkono kuliondoka na baba yako. Basi ndiyo sababu nyingine hiyo. Nimeiweka mezani, kama ulivyoweka yako.

Cha barazani, kile alichokinyang'anya panya plastiki, hakina kitu. Miezi yote hii kimetundikwa kwenye joto, vumbi, moshi wa jiko la jirani na mafuta ya nywele, na hakina hata doa. Wateja wamekishikashika mpaka kimeng'aa. Mke wa mwalimu, wallahi, alikuwa akikipangusa kwa mtandio wake kila alipokuja, nami nilidhani anakidharau. Ukikisogeza puani kinanuka ngozi, kama kibanda kilivyokuwa kikinuka. Nilikuwa sijawahi kukitazama ni cha upande gani. Jozi ni jozi. Mtu anahesabu, hatazami.

Barua yako ilipofika nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Niliisoma, kama nilivyokuambia, nikarudi nikaendelea kusuka. Nilisuka polepole kuliko nilivyowahi kusuka maishani mwangu. Yule dada akasema, "Mama, leo umeamua kunizeesha hapa?" Nikamwambia atulie. Juu ya kichwa chake kile kiatu kilikuwa kikizunguka kidogo kwa upepo, kinaonyesha soli, kinaonyesha kisigino, na mimi natazama nywele tu. Nikamaliza. Nikamfunga ncha zote. Nikamwonyesha kioo, akaridhika, akaondoka. Nikapanda benchi na haya magoti yangu, nikakiteremsha, nikakaa nacho mapajani kama alivyokaa baba yako. Nilikuwa nimeshatafuta boksi. Nilikuwa nimeshaandika jina lako na lango lenu juu ya boksi, kwa herufi kubwa.

Kilichopona ni cha kulia.

Shangazi yako.